Milimita Nne za Kadutu

Placide alirudi kutoka universite siku ya Jumanne, mwezi wa saba, mwaka ule wa hamsini na nane, akiwa na vumbi la siku sita za treni, meli na lori. Kabla hajaweka sanduku chini alisema, "Papa, nimeanguka."

"Umeanguka wapi?" Philémon baba yake aliuliza, akamtazama magoti.

"Mu examen, Papa."

Philémon akakaa. Mkewe Domitille alikuwa akisonga bugali, na mwiko ukasimama wima ndani ya sufuria. Yolande, binti yao wa miaka kumi na sita, aliyekuwa ameanza kuimba wimbo wa kumkaribisha kaka yake, alimeza ubeti wa pili.

Placide aliendelea kusimama mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shingo nyembamba na kola safi. Mtaa mzima wa Kadutu ulimjua kama yule atakayekuwa ingénieur, mtu wa kujenga madaraja. Miaka miwili nyuma wanakwaya wa parokia walimpandisha kwenye lori kwa nyimbo, na mzee mmoja wa upande wa Cimpunda akamshika mkono akimwomba asisahau kijito chao akirudi.

"Si examen yote," alisema. "Hesabu nimepata. Fizikia nimepata. Nimeanguka kwa topografi. Ile ya kupima udongo."

Kusikia hivyo, Philémon aliitazama sufuria, kisha meza, kisha dari. Bugali ule, meza ile na mabati yale juu ya vichwa vyao, vyote vilitokana na kupima udongo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mshika mira katika kampuni ya barabara: mzungu anasimama na chombo chake cha miguu mitatu, na Philémon, hatua hamsini mbele, anashika mira, ule ubao mrefu wa rangi nyekundu na nyeupe wenye tarakimu, na kuusimamisha wima mpaka mzungu amalize kuusoma.

"Topografi," alisema mwishowe. "Mutoto wa Philémon ameanguka kwa topografi."

"Papa, tuko banafunzi makumi mbili na wawili. Masine iko moja. Weusi tuko wawili, tunakaa nyuma. Assistant anasema kila mutu na zamu yake, na zamu inaanzia mbele. Mwaka muzima zamu ilinifikia mara mbili. Ya kwanza mvua ikanyesha. Ya pili saa ikaisha."

"Lakini kwa kitabu unaijua?"

"Kwa kitabu naijua kabisa. Naweza kukuandikia formule zake zote."

"Na siku ya examen?"

"Walinipa dakika kumi niisimamishe. Ikaanguka."

"Masine nayo ikaanguka?" Domitille aliuliza.

"Niliidaka, Mama. Haikuvunjika."

Yolande ndiye aliyeanza. Alijaribu kuficha uso nyuma ya sinia, lakini mabega yalimsaliti. Kisha Domitille akaachilia mwiko, kisha Placide mwenyewe akaegemea mlango akicheka na machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua yapi ni ya kicheko na yapi ya siku sita za njiani. Nyumba ile ilikuwa hivyo. Msiba ukibisha hodi, ulipewa kiti kwanza, ukachekwa, ndipo ukaulizwa unataka nini.

Na msiba huo ulitaka hivi: mwezi wa tisa kulikuwa na examen ya pili, ya mwisho. Placide akisimamisha chombo na kupima vizuri mbele ya waalimu, anaendelea na mwaka wa tatu. Akishindwa, bourse ya masomo inakatwa, nafasi yake anapewa mwingine, naye anarudi Bukavu kutafuta kazi ya karani.

"Basi unahitaji masine," Philémon alisema.

"Nahitaji masine, Papa. Majuma sita, na masine."

*

Siku ya pili, kwenye kazi, Philémon alingoja mpaka Monsieur Lambrecht amemaliza kahawa yake. Huyu alikuwa mkubwa wa kazi, mtu wa makamo mwenye kofia ya nyasi na nyumba nzuri huko Nguba, kando ya ziwa. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alizungumza Kiswahili cha amri, kilichokatwa vipande vifupi kama kuni.

Philémon alivua kofia. "Monsieur, mutoto yangu iko nasoma kwa universite. Iko nasoma ingénieur."

"Ingénieur?" Monsieur Lambrecht alimgeukia msaidizi wake, kijana aliyefika kutoka Ubelgiji mwaka uleule, akamwambia jambo kwa lugha yao. Wakatabasamu wote wawili, kwa upole, kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga.

"Ndiyo, Monsieur. Anahitaji kujifunza na nivo, ile masine ya kupima. Siku ya Mungu tu, misa ikiisha. Mimi mwenyewe nitaichunga."

"Philémon. Wewe, miaka ngapi masomo?"

"Minne, Monsieur."

"Bon. Na wewe iko mushika mira muzuri sana. Kila mutu, kazi yake. Hii masine, bei yake inapita barabara yenu yote, na nyumba, na mbuzi. Unaelewa?"

"Naelewa, Monsieur."

Monsieur Lambrecht hakutaka mtu aondoke na moyo mzito, basi akatoa sigara moja akampa. Philémon hakuwa mvutaji. Alishukuru, akaiweka nyuma ya sikio, akaenda kushika mira. Alikaa na sigara ile sikioni kutwa nzima, na kila alipoigusa kwa bahati mbaya alihisi kama nzi ametua pale.

Jioni alipitia kwa Emile, mtunza magazini, ghala la vyombo vya kampuni, ambaye Jumapili waliimba naye sauti ya nne, ile nzito, katika kwaya ileile. Emile alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwa kidevu rafu ya chini kabisa. Palikuwa na sanduku la mbao lenye vumbi.

"Ile nivo ya zamani," Emile alisema. "Iko nangojea kupelekwa Ulaya kutengenezwa, mwaka wa tatu sasa. Visi moja ya kuzungusha inakaza, lakini jicho iko muzima. Jumapili, misa ikiisha, mlango huu ninaufungaga vibaya. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nahesabu vyombo. Mimi sikukuona, na wewe haukuniona."

"Sikukuona," Philémon alisema.

"Na miguu yake, na mira moja, iko kule nyuma. Sikukuonyesha."

*

Jumapili ya kwanza walisimama mbele ya mlango wao wote wanne, bado na nguo za misa. Philémon alikuwa amechora mduara wa kazi kichwani: kutoka kizingiti cha nyumba yao, kushuka mpaka kwenye bomba la maji la mtaa, kupita kwa Adolphine muuza kasiksi, pombe ya ndizi, kuzunguka nyuma ya parokia, kisha kupanda tena na kurudi kwenye kizingiti kilekile. Placide aliwaeleza mama na dada yake kwa nini. Kila walipokwenda wangeandika wameshuka kiasi gani na wamepanda kiasi gani. Wakirudi mlangoni, kushuka kote na kupanda kote lazima kulingane, kwa kuwa mlango haukuhama.

"Na kama havilingani?" Yolande aliuliza. Yeye ndiye aliyepewa daftari, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko masista waliomfundisha kushona.

"Basi ni sisi tumekosea. Wanaita kufunga. Mduara ufunge."

Domitille alipewa mira, kwa sababu Philémon alitakiwa kuwa karibu na mwanawe. Alimwonyesha namna ya kuishika kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, na kuusikiliza uzito wake kwenye visigino. Kisha akamrudia Placide, ambaye alikuwa akipigana na miguu mitatu ya chombo kama mtu anayejaribu kumlaza ndama.

"Ngoja," Philémon alisema. "Hapa ni mutelemuko. Mbili chini, moja juu. Kanyaga kila mguu na kiatu. Sasa vile visi vya kuzungusha, shika viwili mara moja, vidole gumba vikutane ama viachane. Kiputo kinafuata kidole gumba cha kushoto."

Placide alimtazama. "Papa, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Hata siku moja sijagusa hii kitu. Lakini miaka kumi na tisa natazama mikono ya Monsieur kutoka mbali. Mutu akisimama bila kazi nyingine, ataona."

Placide alifuata kidole gumba cha kushoto. Kiputo cha hewa ndani ya kioo kilitambaa, kikasita, kikaingia katikati na kutulia. Kijana aliinama kutazama ndani ya darubini, akainuka haraka, akamwachia baba yake nafasi.

"Tazama, Papa. Tazama wewe kwanza."

Philémon alijipangusa jicho kwa leso. Akainama. Alikaa hapo muda mrefu hata Yolande akaanza kuguna. Kisha akainua kichwa, akamtazama mkewe kule chini kwenye bomba, akainama tena.

"Mama Placide," aliita kwa sauti ya hofu kidogo. "Umesimama juu ya kichwa."

Domitille, hatua hamsini chini, alibana pagne, kitenge chake, katikati ya magoti.

Ilikuwa kweli. Ndani ya kile kioo dunia nzima ilikuwa juu chini. Domitille alining'inia kutoka ardhini kama popo, kilemba chake kikielekea mbingu iliyokuwa chini, na kuku wa jirani alipita juu yake akidonoa dari. Lakini tarakimu za mira, zile tarakimu ambazo tangu zamani zilichorwa kichwa chini, zilisimama sawasawa, safi, za kusomeka.

"Kumbe," Philémon alisema. "Kumbe ni hii. Mimi nilifikiri bazungu wanazichora vile juu ya kutuficha, tusijue kuzisoma." Alikaa juu ya jiwe. "Miaka kumi na tisa Monsieur ananiona nikiwa miguu juu. Kila siku ya kazi. Na kila asubuhi mimi napiga pasi suruali."

Walicheka mpaka Domitille, ambaye hakujua wanacheka nini lakini alijua kinamhusu, akaitupa mira na kupanda kilima kuja kujionea. Philémon akashuka yeye kushika mahali pake. Mkewe alipomwona amepinduka, na kofia haianguki, alishika tumbo na kupiga magoti vumbini na pagne yake ya misa.

"Papa Placide," alisema alipoweza, "usibadilike. Uko muzuri hivyo."

Placide hakucheka muda mrefu kama wao. Alisema polepole kwamba siku ya examen, alipoona mwalimu amegeuka juu chini, alidhani ameharibu chombo, na dakika zake zilizobaki alizimaliza akijaribu kukigeuza, mpaka kikaanguka. "Ilikuwa imeandikwa kwa kitabu," alisema. "Mstari mmoja. Niliusoma. Lakini kusoma si kuona."

Walipima mpaka saa kumi. Yolande alijumlisha, akajumlisha tena, akakunja uso.

"Kwa hesabu hii," alisema, "tangu tutoke misa nyumba yetu imepanda mita mbili na sentimita kumi na moja."

"Ndiyo maana nasikia baridi," Domitille alisema.

Kosa lilipatikana. Placide alikuwa akisoma tarakimu kwa kushuka pale zilipotaka kusomwa kwa kupanda. Na Domitille, kila jirani alipomsalimu, alikuwa akiisogeza mira ampe mkono. "Mira iko kama mutoto wa kunyonya," Philémon alimweleza. "Usiiache ukasalimie watu." Naye akakubali, akasema Jumapili ijayo atasalimia kwa nyusi.

*

Jumapili ya pili walikuta mtaa unawangoja.

Maneno yalikuwa yametembea juma zima. Philémon wa kampuni ya barabara amepima kutoka bombani mpaka parokia, na anayepima barabara ndiye anayejua nyumba ipi itavunjwa. Mama mmoja alileta mayai sita kwenye kikapu, akayaweka mlangoni bila neno, akaonyesha kwa macho jiko lake kule chini. Mwanamume mmoja kutoka Cimpunda alikuja na kuku mwekundu, akasema kwamba mkwewe ni mgonjwa sana na mgonjwa hawezi kuhamishwa.

"Hakuna barabara," Philémon alisema. "Ni masomo ya mutoto."

"Ninaelewa," yule mtu akajibu, akamfumbia jicho moja. "Ni masomo. Lakini masomo yapite upande wa Adolphine."

Adolphine mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alitaka kinyume. Alikuja na mtungi wa kasiksi, akaomba barabara ipite mbele yake hasa, tena pana, yenye nafasi ya malori kusimama. Alipomwona Domitille amesimama na mira mita tatu kutoka kwenye mlango wake, alimshika kwa upole akamsogeza karibu zaidi.

"Usimusukume," Placide alipiga kelele kutoka juu. "Mama, usisogee."

Domitille alinyanyua nyusi zote mbili. Lakini mira ilikuwa imesogea, na hesabu ya siku hiyo iliharibika hapo. Ilifunga kwa kosa la sentimita thelathini na mbili. Mayai walijaribu kuyarudisha, hakuna aliyekubali kuyapokea, kwa kuwa kurudishiwa zawadi kulionekana ni dalili kwamba nyumba imeshahukumiwa. Kwa hiyo waliyala. Kuku alifungwa kamba nyuma ya nyumba, na Yolande akamwita Visi.

*

Wasiwasi wa watu uliendelea kupanda juma lile, mpaka Jumamosi wazee watatu wakavaa makoti na kwenda kwenye ofisi ya kampuni kumuuliza Monsieur Lambrecht, kwa heshima, nyumba zao zitavunjwa tarehe ngapi.

Kwa hiyo Jumapili ya tatu, kazi ilipokuwa imebaki kituo kimoja tu, gari la kijivu lilipanda Kadutu likitimua vumbi na kusimama kando ya bomba. Watu waliokuwa wakitazama upimaji walirudi nyuma. Monsieur Lambrecht alishuka na suruali fupi ya Jumapili. Alimwona Domitille na mira, kijana ameinama kwenye darubini, binti na daftari, na Philémon katikati, kofia tayari mkononi.

"Nani amekupa hii masine?"

"Nimeichukua mimi, Monsieur. Peke yangu."

"Emile?"

"Emile alikuwa kwa misa, Monsieur. Aliimba karibu na mimi."

Monsieur Lambrecht alinyoosha mkono kukamata chombo. Philémon hakujua ujasiri ule ulimtoka wapi. Alisimama kati ya ule mkono na ile miguu mitatu, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Monsieur, kimebaki kipimo kimoja. Tangu saa tano tuko naanza. Ukigusa sasa, yote inakufa. Acha asome kimoja. Kisha, fanya na mimi unavyotaka."

Pengine neno hilo lilimfika kama mtu wa kazi, kwa maana hakuna mpimaji asiyejua uchungu wa kuharibikiwa kwenye kituo cha mwisho. Aliushusha mkono. Alitazama miguu ya chombo ilivyokanyagwa, mbili chini na moja juu. Alitazama kiputo.

"Soma," alimwambia Placide.

Placide alisoma. Alisoma mara mbili kama inavyotakiwa, na Yolande akaandika. Kisha penseli yake ikakwaruza, ikijumlisha.

"Milimita nne," Yolande alisema.

"Haiwezekani," Monsieur Lambrecht alisema. Alilichukua daftari, akaliweka juu ya boneti ya gari, akatoa kalamu yake. Alijumlisha safu ya kwanza, akajumlisha ya pili. "Sentimita moja na milimita nne," alitangaza, na sauti yake ilikuwa na nafuu kidogo.

Yolande alisogea, akachungulia chini ya kiwiko chake. "Monsieur, pale. Umesahau kubeba moja."

Hakuna aliyecheka. Adolphine aliweka ncha ya pagne mdomoni na kuiuma. Monsieur Lambrecht alirudia safu ile, akaisimamisha kalamu kwenye tarakimu moja, na shingo yake ikageuka rangi, kuanzia kwenye kola kwenda juu. Alifunga daftari. Nne.

Aliwatazama watu wote waliokuwa pale na kusema kwamba hakuna barabara, hakuna nyumba itakayovunjwa, waende nyumbani. Alikifungua chombo yeye mwenyewe na kukiweka kwenye gari. Mira nayo ikaingizwa, ncha yake ikichomoza dirishani. "Philémon. Kesho, saa kumi na mbili, ofisi," alisema, akaondoka.

Mtaa ulisubiri mpaka gari lipinde kona. Ndipo kelele zilipolipuka. Mzee mmoja aliuliza hizo milimita nne ni nini, na Placide akamwonyesha kwa kucha ya kidole, unene wa punje mbili za mchele. Kuzunguka kote kule, kushuka bombani na kupanda parokia, na kosa ni punje mbili. Adolphine alitoa mtungi bila kuombwa. Philémon alijua kesho inakuja na fimbo yake, lakini alikunywa, na alicheza hatua tatu na mkewe katikati ya njia, yeye mtu wa sauti ya nne, asiyecheza kamwe.

*

Kesho ilikuja. Alikatwa mshahara wa siku tatu, na mira ikachukuliwa. Alipewa sepetu, aende kuchimba mitaro na vijana wa umri wa mwanawe. Mtu wa miaka arobaini na sita. Jioni ya kwanza alirudi mikono imetoka malengelenge, na Domitille akaipaka mafuta ya mawese. Placide hakuweza kula.

"Papa, ni juu yangu."

"Ni juu ya milimita nne," Philémon alisema. "Si kitu kubwa. Kula."

Lakini chombo kilikuwa kimekwenda, na examen haikwenda. Domitille ndiye aliyepata dawa. Alimwambia mumewe akate miti mitatu ya mikaratusi, aifunge juu kwa kamba, na juu yake waweke kipande cha ubao. Ilikuwa miguu mitatu kama ya mzungu, ila yenye magome. Kisha akachukua sahani ya bati, akaijaza maharagwe yenye mchuzi mwingi mpaka ukingoni, akaiweka juu ya ubao.

"Simamisha pale, kwa mutelemuko," alimwambia Placide. "Dakika kumi. Mchuzi ukimwagika, umelala njaa."

Siku ya kwanza alilala njaa, na Visi akashiba. Siku ya pili alikula nusu. Watoto wa mtaa walikuja kutazama, na Yolande akawa anahesabu dakika kwa sauti kama padri anayesoma litania, watu wakiitikia. Kufika mwisho wa mwezi wa nane Placide alikuwa akisimamisha miti ile popote, juu ya mawe, kwenye matope ya bomba, kwa dakika tatu, na mchuzi ukatulia kama ziwa asubuhi. Alinenepa kidogo. Ndivyo alivyoondoka, na lori la Jumamosi, na mayai mengine ya kuchemsha ambayo mtaa sasa ulimpa bila kumwomba kitu.

Kule barabarani mambo hayakumwendea vizuri Monsieur Lambrecht. Aliyepewa mira alikuwa mtu mwenye nguvu lakini mwenye usingizi, na mira yake iliyumba kama mlevi anayetoka kwa Adolphine. Mara tatu walipima kipande kilekile, mara tatu hakikufunga. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Monsieur alisimama ukingoni mwa mtaro na viatu vyenye matope.

"Philémon. Toka. Chukua mira."

Philémon aliegemeza sepetu taratibu. Akanawa mikono kwenye maji ya mtaro, akaipangusa kwa nyasi, maana mira haishikwi na matope. Alipopita karibu na Monsieur aliuliza, kwa adabu yote, "Ilikuwa nafunga na ngapi, Monsieur?"

Monsieur Lambrecht alitazama pembeni. "Sentimita tisa."

"Sawa, Monsieur," Philémon alisema, akaenda kusimama mahali pake. Alijua kwamba kwenye kioo miguu yake iko juu, na akaisimamisha kwa fahari. Nyumbani, alipotamka zile sentimita tisa, Domitille alilazimika kuondoa sufuria jikoni ili acheke vizuri.

*

Telegramu ilifika siku ya Alhamisi, juma la mwisho la mwezi wa tisa. Mtu wa posta alimkuta Philémon akitoka kazini. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua akaisoma tena, kisha akaanza kukimbia na viatu vya kazi kuelekea soko la Kadutu, mahali Domitille alipokuwa akiuza unga wa mihogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Wauzaji walikuwa wamejibana chini ya mabati, na wote walimwona anavyokuja, kofia mkononi, karatasi ameificha kifuani.

Domitille alisimama. Unga ulimjaa mpaka kwenye nyusi. "Sema."

"Ametuma telegramu."

"Naona. Anasema nini?"

Philémon alijaribu kuhema. Adolphine, aliyekuwa amekuja kununua unga, alisogea. Wengine wakasogea nyuma yake, na yule mwanamume wa kuku mwekundu akapanda juu ya gunia ili asikie.

"Réussi," Philémon alisoma.

"Ni kusema nini?"

"Ni kusema amepita. Amepita examen. Ameshinda."

Wale wanawake walipiga vigelegele, na mmoja akamwaga debe la maharagwe yake mwenyewe. Domitille hakupiga kigelegele. Alikuwa akiikodolea macho karatasi, kana kwamba kuna sehemu iliyofichwa.

"Na kisha?"

"Hakuna kisha. Ni hiyo tu."

"Hatusalimii? Hasemi kama anakula? Hasemi masine ilisimama na dakika ngapi?"

"Mama Placide, ni telegramu. Ni neno moja."

"Moja tu?"

"Moja."

Domitille alijipangusa mikono kwenye pagne, akavuta gunia tupu, akakaa juu yake mbele ya mumewe, mgongo wima, kama mtu aliyekuja kusikiliza jambo refu.

"Basi soma tena," alisema. "Soma polepole."